Nimalizie Tu Hicho Kitambaa

Kosa langu lilikuwa neno moja: "nimalizie."

Kazi yangu ni kubuni vitambaa vya makochi na mapazia. Safari ile nilitaka sufu ya kochi yenye sura ya suti, lakini nilishachoka na mapambo yale ya kila mtu: mistari myembamba ya koti la wakili, drafti, mifupa ya samaki. Hayo yamekaliwa mpaka yamechoka. Ndipo nikaliona koti kwa fundi mmoja, mzee wa suti, likiwa bado nusu. Mkono mmoja haupo, na mwili mzima umepigwa bandi kwa uzi mweupe. Kwa asiyejua, bandi ni ule mshono wa muda, wa hatua ndefu, unaoshika sufu na kanvasi ya ndani yenye nywele za farasi hadi mwenye koti aje kujaribu. Nikaona koti lile ni zuri kuliko litakavyokuwa likiisha. Sikumwambia mzee. Nilitaka kumshtukiza.

Nikarudi kwenye mashine ya kufumia. Mtande (nyuzi za urefu) wa kijivu, mshindio (nyuzi za upana) wa kijivu, mifupa ya samaki kwa mbali (haya, nilishindwa kuiacha), na kila baada ya sentimita 7 nikapitisha uzi mweupe wa ziada: sentimita moja juu, sentimita moja chini, bandi tupu. Wa ziada, yaani kitambaa chenyewe hakiutegemei. Hilo liweke akilini. Ile sentimita moja ilininyima usingizi wiki nzima, kwa sababu uzi ukielea mrefu kwenye kochi unanasa funguo, zipu na kucha za paka. Tukakipeleka kwenye mashine ya Martindale, ile inayosugua kitambaa bila huruma. Misuguo 30,000, na hakuna uzi uliokatika. Nilitamba wee!

Asubuhi ya siku moja kabla ya mteja kuja, nikampelekea mzee mita 3 azipige pindo. Nikamkuta anampima mtu kifua. Nikaweka mzigo mezani.

"Shikamoo mzee. Nimalizie tu hicho kitambaa, nakipitia jioni."

"Marahaba. Wewe nenda."

Sasa, kwa fundi wa suti, kumalizia si pindo peke yake. Kumalizia ni kutoa bandi, kufuta chaki, kupiga pasi ya mvuke. Na mzee huyu ana ugomvi wa siku nyingi na nyuzi zilizosahauliwa. Akimwona mtu njiani na ule msalaba wa uzi haujakatwa kwenye mpasuo wa koti, humfuata na mkasi. Nimeshuhudia. Mtu mwenyewe alikuwa anakimbilia basi.

Jioni nikakuta kitambaa kimekunjwa, kimenyooshwa, cha kijivu. Kijivu basi. Nikakigeuza upande wa pili: kijivu. Pembeni yake donge la uzi mweupe, ukubwa wa yai, limezungushwa vizuri.

"Huyo aliyekupigia bandi," mzee akasema akivua miwani, "asikuguse tena. Nani anapiga bandi kitambaa ambacho hakijakatwa? Mistari 42! Nimekaa nayo tangu adhuhuri. Lakini nimeitoa kwa ncha ya sindano, hata tundu hulioni." Akanisogezea donge. "Uzi nimekuwekea."

Na kweli, hata tundu sikuliona. Kitambaa kilichoishinda Martindale kimeshindwa na mzee mmoja mwenye nia njema.

Nilipomweleza, alikaa kimya kwanza.

"Kwa hiyo bandi umeifuma."

"Ndiyo mzee."

"Ili ibaki."

"Ndiyo."

"Kwenye kochi." Alivyolitamka hilo kochi, nikaona haya mwenyewe.

Lakini akavuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano. Tulishona hadi alfajiri. Mistari yake ilinyooka kama ya rula. Yangu ilitembea kama siafu waliomwagiwa maji. Mara mbili nilimkuta anaitoa aliyokwisha kuishona, mkono unafanya wenyewe kwa mazoea. Nikawa nakohoa.

Mteja alifika saa 3 asubuhi. Mzee alikataa kwenda kulala, eti anataka kumwona kwa macho mtu wa kununua bandi. Mteja akapapasa kitambaa, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kizuri, kimetulia. Roho yangu ikashuka mahali pake. Kisha akainama, karibu kabisa, akakunja uso.

"Ila hapa kuna uzi mmesahau kuutoa," akasema. Akaushika kwa vidole viwili, akavuta.

Mstari mzima ukatoka.

Mzee akavua miwani, akaipangusa taratibu kwa pindo la shati.

"Mimi," akaninong'oneza, "sijasema kitu."