Gari langu lilimsonya mama mkwe

Naomba ieleweke mapema: mimi sikumsonya mama mkwe. Sijawahi kumsonya mtu aliyenizidi umri, sembuse mwanamke aliyenipa mke. Aliyesonya ni Subaru. Lakini ukoo mzima wa mke wangu, kuanzia Mpwapwa mpaka Kibaigwa, una habari yake ya tukio hili, na humo ndani Subaru haitajwi kabisa.

Gari lenyewe ni Forester ya turbo, injini EJ20 ya lita 2, gia za mkono. Lilikuja kutoka Japani likiwa na adabu zake. Tatizo ni mimi. Usiku nikiwa nimelala nawasikia vijana wanapita barabarani na magari yao: vuuum, pshhh! Vuuum, pshhh! Langu linapita kama gari la mchungaji. Roho ikaniuma.

Fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwarobaini mmoja na benchi, akanitolea kidude chekundu chenye ukubwa wa kikombe cha kahawa. Bloofu, valvu ya kutema hewa ya turbo.

"Bosi, hii ukiifunga, Nyerere Square yote wanageuka."

Akachomeka mpira mwembamba juu yake, akaunyonya kwa mdomo mpaka mashavu yakagusana kwa ndani. Kipistoni kikanyanyuka taratibu. Akaachia, springi ikakirudisha: tak. Nikalipa 150,000 palepale, na ya soda juu.

Kwa wasiojua, turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaokwenda kwenye ekzosi, nyingine inasukuma hewa kuingia kwenye injini. Ukikanyaga mafuta, bomba lote linajaa hewa yenye presha. Ukiachia ghafla, kilango cha hewa (mafundi wanakiita throto) kinajifunga, na hewa yote ile inafika mlangoni inakuta kufuli. Isipopewa njia inarudi nyuma kuipiga feni, ambayo wakati huo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ule mlio wa "stututu" unaowafurahisha vijana ndio huo, turbo inapigwa makofi na hewa yake yenyewe. Ndiyo maana pakawekwa valvu. Kilango kikijifunga, injini inabaki inanyonya pasipo na hewa ya kutosha, mnyonyo huo unapita kwenye ule mpira mwembamba kama mashavu ya fundi, pistoni inanyanyuka, hewa inatoka. Valvu ya kiwandani inairudisha kimyakimya kwenye bomba la kabla ya turbo. Hii nyekundu inaitema nje, hadharani.

Shika neno moja hapo, maana ndilo lililonimaliza: bloofu hailii ukikanyaga mafuta. Inalia ukiachia.

Jumamosi nikaenda stendi kuu ya Dodoma, Nzuguni, kumpokea mama mkwe anayetoka Mpwapwa na kiroba cha karanga na jogoo ndani ya tenga. Nikamwamkia "Mbukwenyi", Kigogo changu chote kikaishia hapo, nikamalizia na shikamoo.

"Marahaba, baba."

Nikamfungulia mlango wa mbele. Akakataa; mama gani anakaa ubavuni kwa mkwewe? Akaketi nyuma yangu. Kwa hiyo mdomo wangu alikuwa hauoni. Alichokuwa anaona ni kisogo.

Barabara ya Dar ilikuwa nyeupe, nikalikanyaga kulipita Fuso moja la mbao. Turbo ikaitika, mama akashika kiti. Wakati huohuo akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu ameshaanza kuongea?"

Mkwe mwenye adabu akiulizwa swali anapunguza mwendo asikilize vizuri. Nikaachia mafuta.

MFYUUUU!

Si pshhh ya vijana. Sijui springi ile fundi aliikaza vipi, maana ilitoka nyembamba, ndefu, yenye mate. Msonyo kamili, wa mwanamke wa sokoni aliyetajiwa bei.

Nyuma kukawa kimya. Hata jogoo alinyamaza.

"Kama swali limekuudhi, baba, unisamehe."

"Hapana mama! Si mimi, ni gari!"

"Gari," akarudia polepole. "Gari lina meno?"

Aibu ikanipeleka mguu kwenye mafuta. Tukaenda hivyo kidogo, kisha akasema, kama anayetafuta suluhu, kwamba amesikia siku hizi kanisani hatuonekani. Nikaachia nimjibu. MFYUUUU! Akasema basi tuyaache hayo. Nikakanyaga tena, nikaapa kwamba safari hii sitaachia mpaka nyumbani Nkuhungu.

Ndipo akashusha sauti. "Baba, sikutaka kuwaambia kwenye simu. Babu yenu wa Mpwapwa hali yake siyo nzuri kabisa."

Nani anabaki amekanyaga mafuta akipewa taarifa kama hiyo? Mguu ulinyanyuka wenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeikamua gia ya tatu mpaka mwisho, hewa ilikuwa nyingi. Ulitoka msonyo ambao hata mimi niliyejua chanzo chake ulinichukiza.

Kwenye kioo nikaona mama amejifunika khanga mpaka puani.

Karibu na Bunge watu walikuwa wanavuka kwenye zebra. Nikatoka kwenye mafuta, klachi chini, breki. Gari likatetemeka, likatoa moshi mweusi, likapiga PAA! kama bunduki, likazima.

Hili nalo lina maelezo, niliyapata baadaye kwa uchungu. Subaru hii ina sensa ya hewa kabla ya turbo. Kila hewa inayopita pale inahesabiwa, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hesabu. Mimi nikaitoa nje hewa ambayo imeshahesabiwa. Ni mama ntilie aliyepika wali wa watu 10, saba wakaondoka mlangoni. Petroli inazidi, injini inakabwa, na ile isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye ekzosi. Mark II ya turbo yenye injini ya 1JZ haisumbuki hivyo, kwa sababu yenyewe inapima presha iliyomo ndani, haihesabu hewa mlangoni. Fundi alikuwa amewahi kuifunga kwenye Mark II, basi akajua ni sindano ya wagonjwa wote.

Askari wawili walikuja mbio. Watu wamelala chini kwenye zebra, jogoo ametoka kwenye tenga yuko juu ya dashibodi, mimi mikono hewani. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akateremsha kioo.

"Msihangaike wanangu. Ni mkwe wangu tu huyu, ana hasira."

Nyumbani kikao kikaitishwa kabla ya chai. Mke wangu ananiangalia kama mtu aliyeletewa polisi mlangoni. Nikasema maneno hayasaidii, njooni uani mjionee. Nikafungua boneti, nikawaonyesha kidude chekundu pale juu ya intakula (kipoza hewa ya turbo), nikawasha, nikamwambia mke wangu akanyage mafuta na kuachia.

Vuuum. Kimya.

"Kanyaga zaidi!"

Vuuuuum. Kimya. Labda fyu kidogo, ya mtu anayepuliza chai.

Nikakumbuka nimechelewa: turbo haijazi presha ya maana gari likiwa limesimama. Inataka mzigo, barabara, kilima. Ukinguruma uani injini haina kazi, na valvu haina cha kutema. Shemeji yangu, dereva wa Fuso, akachangia kwamba lake linafanya pshhh hata likisimama. Nikaanza kumweleza kwamba ule ni upepo wa breki, na kwamba dizeli yake haina kilango kinachofunga hewa kama petroli, mama mkwe akanikatiza kwa upole wa kutisha.

"Kwa hiyo linasonya nikiwemo mimi tu."

Jumatatu asubuhi nilikuwa chini ya mwarobaini. Fundi akarudisha valvu ya kiwandani, akanishauri nile nusu ya hasara kwenye ile nyekundu. Nikala yote, nikaondoka.

Ijumaa nikamrudisha mama stendi. Akakaa palepale nyuma yangu. Nilikuwa nakanyaga na kuachia makusudi, asikie ukimya. Akauliza habari za kazi, nikaachia: kimya. Akauliza habari za wazazi wangu, nikaachia: kimya. Nikaanza kupumua. Tukakaribia Nzuguni, mara nyuma ya kisogo changu ukatoka msonyo mrefu, mkavu, wa kiwango cha juu.

Nikawasha indiketa, nikasimama pembeni, nikafungua boneti. Valvu ilikuwa mahali pake, mpira wake umekaa, kila kitu sawa. Nikarudi kwenye usukani jasho linanitoka.

Mama alikuwa anamtazama bodaboda aliyetuchomekea, anaishia mbali.

"Endesha, baba," akasema. "Huyo nilikuwa mimi."