Kupanda ndege kwenda kutizama maji

Mtoto wa khalati yangu anasoma Misri, Disemba alinichukua mpaka Ziwa Nasser, kule kusini kwa Aswan. Nimerudi nahadithia barazani mzee mmoja akanikata, ati mtu wa Unguja unapanda ndege kwenda kutizama maji, si ungeshuka Forodhani tu? Tukacheka sote lakini lile neno limenikaa, maana si la kipuuzi.

Ziwa lenyewe ni kazi ya watu. Misri walijenga Bwawa Kuu la Aswan kuanzia 1960 mpaka 1970, Nile ikazibwa njia ikaenea jangwani kiasi cha kilomita 500 mpaka ndani ya Sudan. Huku mchanga, huku mawe, minazi usiitafute. Kuogelea sahau, mna mamba. Wakati wa joto linapita digrii 40. Na watalii wengi hata hilo ziwa hawaendi kuliona, wanakwenda Abu Simbel, kwenye mahekalu ya kale: wanatoka Aswan saa kumi alfajiri na basi, masaa matatu na zaidi barabarani, wanapiga picha na masanamu ya Firauni Ramses, wanageuza. Kama safari yako ni hio basi mzee kashinda, ziwa kwako ni pazia tu nyuma ya picha.

Sisi lakini tulikwenda kwa boti, usiku tatu tumelala majini, na hapo ndo hesabu inabadilika. Asubuhi hakuna upepo, hakuna sauti, mie niliyezoea maji kupwa na kujaa nikawa nasubiri yafanye kitu na hayafanyi kitu. Nikachovya kidole nikaonja, matamu. Tukapita Qasr Ibrim, ngome iliyokuwa juu kabisa ya jabali, sasa maji yamefika karibu na miguu yake na boti inasimama pembeni tu, kushuka hairuhusiwi. Hekalu la Amada wao walilibeba zima wakalipitisha kwenye reli kilomita mbili na nusu hivi ili lisizame. Abu Simbel ikakatwa vipande ikapandishwa mita 65 juu, kazi ya 1964 mpaka 1968. Wallahi mambo haya ukiyaona kutokea majini unaelewa maji yamepanda kiasi gani, kwenye basi huwezi.

Ila mpishi wetu alikuwa Mnubi, yaani wenyeji wa asili wa bonde lile, siku ya pili jioni watu wote tumo juu tunapiga picha jua linazama, akaja na birika la chai akanyoosha mkono kwenye maji akasema kijiji cha bibi yake kipo hapo chini. Basi. Akamimina chai akaenda zake. Wanubi kama elfu 50 upande wa Misri walihamishwa, wengi wakapelekwa Kom Ombo, mbali na mto wao. Mahekalu dunia nzima ilichanga kuyaokoa, majumba ya watu yakaachwa yazame. Sasa tunakodi boti kustarehe juu yake, na mie nimo.

Nikiwa mkweli lakini siwezi kusema lisingejengwa. Ukame wa miaka ya themanini ziwa hili ndo liliwavusha Wamisri, na umeme umetoka hapo hapo. Sisi wa Unguja tuliokaa bila umeme miezi mitatu ile 2009 kuingia 2010, tukinunua maji kwa ndoo, tutawafundisha nini wenzetu kuhusu bwawa?

Kwa hivo mie nasema nenda, lakini kwa boti na wakati wa baridi, na kaa na hao Wanubi uwasikilize. Pesa ya boti kama huna, bora ubaki Aswan mjini upande mashua zao za tanga, tanga lenyewe pembe tatu kama la kwetu, kuliko kupelekwa mbio na basi.

Mzee nilimwambia yote haya. Kaniuliza kitu kimoja tu, huko mlikula samaki gani. Nikamwambia sangara. Akatikisa kichwa, "Sangara nae samaki?"