Bima kwa wote, na presha ya mtu mmoja

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, madaktari tunaokutana, walio kazini na sisi tuliostaafu, hatujaacha kubishana. Wapo wanaosema nchi itafilisika ikiwatibu watu maradhi wanayojitafutia wenyewe kwa chumvi, pombe, sigara na kukaa kutwa kwenye kiti. Wengine wanajibu kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba, na kinachomuua maskini ni kufika hospitali hana kitu mfukoni. Nimefanya kazi wodini na kwenye zahanati vya kutosha kujua kwamba kila upande una hoja nzito. Ila wakibishana hivyo, mgonjwa mwenyewe anasahaulika.

Nianze na wanaosisitiza mtu ajitunze, maana siku hizi wanabezwa haraka mno. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha. Presha haiumi. Mtu anaishi nayo miaka na miaka, akaja kuijua siku anapopooza upande mmoja, au anapoambiwa figo zimekufa na atakuwa anasafishwa damu kila wiki. Wagonjwa wa namna hiyo wakiendelea kuongezeka, hakuna mfuko wa bima utakaowamudu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Wengi wetu tunaimaliza kwenye mboga ya mchana, na bado mtu anaomba chumvi mezani kabla hajaonja. Hapo hakuna daktari wala Bunge litakalomsaidia.

Hata hivyo, hoja hii ina mwisho wake. Mama mmoja aliwahi kunionyesha pakiti yake ya dawa za presha. Alikuwa anameza siku moja, anaruka mbili, ili dozi ya mwezi imfikishe miezi mitatu. Nilipompima nikakuta 190 kwa 110. "Siku nikijisikia vizuri naiwekea akiba, daktari," aliniambia, na alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayejua kubana matumizi. Huyu alikuwa anapika na kuuza chakula tangu alfajiri, hanywi pombe, hajui sigara. Dawa aliyoandikiwa, amlodipini, si dawa ghali. Lakini zahanati ya kijijini kwake haikuwa nayo, na kwenda mjini kuifuata dukani nauli ilizidi bei ya dawa. Ukimwambia mtu wa hali hiyo ajitunze, unamwambia nini ambacho hafanyi?

Upande wa bima nao una historia inayopaswa kuwatia adabu watetezi wake. Baada ya miaka ya matibabu ya bure, uchangiaji wa gharama ulianza 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa watumishi wa umma, kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri. Ule wa jamii ulikuwa wa hiari, na watu walijitoa kwa sababu inayoeleweka: wamelipa, wamefika, wameambiwa dawa hakuna, kanunue. Kwa upande mwingine, hiari inaua mfuko. Kadi ya watoto ya Mfuko wa Taifa, Toto Afya, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilisitishwa 2023, Mfuko ukieleza kuwa wazazi wengi walikuwa wanaandikisha watoto walioshaugua. Siwalaumu wazazi, lakini hesabu ya namna hiyo haiwezi kusimama.

Kwa hiyo nakubali bima iwe ya lazima. Nisichokubali ni ulazima huo kutangulia huduma. Muswada wa kwanza, wa 2022, ulitaka kuifunga bima na mambo kama leseni ya udereva, na watu walikuwa na haki ya kukasirika. Halafu Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuhudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa kugombea bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko unazilipia. Mfuko ulikuwa na sababu ya kubana gharama, hospitali zilikuwa na sababu ya kukataa bei zisizolipa, na mwenye kadi akabaki kwenye benchi.

Wakati huo huo tunao mfano hapa hapa nchini unaoonyesha kwamba nidhamu ya mgonjwa na huduma ya serikali haviachani. Mwenye virusi vya UKIMWI anapewa dawa bure, karibu na kwake, na akiwa imara anapewa za miezi mitatu au zaidi. Asipofika tarehe yake, anatafutwa. Watu hawa wanameza kidonge kila siku miaka nenda rudi, wengi wao maskini. Nidhamu hiyo ilikua kwa sababu dawa ilikuwepo kila walipoifuata. Ndivyo ilivyokuwa hata 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya: karibu watu milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakisoma vijitabu pamoja na kiongozi aliyefundishwa, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hakuna aliyeachiwa bango ukutani akaambiwa ajitegemee.

Tofauti ni kwamba dawa za virusi zimelipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Presha haina mfadhili. Ndiyo maana natamani mabishano ya bima yaache kidogo upasuaji na hospitali za rufaa, yashuke kwenye zahanati: kila mtu mzima anayeingia, hata kama kaleta mtoto, apimwe presha, na mgonjwa aliye imara aondoke na dawa za miezi mitatu.

Sheria yenyewe imetaja pa kupata fedha za kuwalipia wasio na uwezo, zikiwemo kodi za soda, pombe na michezo ya kubahatisha. Wenzangu wanaolaumu walevi na wanywaji wa soda wamepata walichotaka: hao hao ndio watakaochangia. Basi fedha hizo zianzie kwenye rafu ya dawa ya zahanati, na kila robo mwaka zahanati ibandike mlangoni ni siku ngapi dawa za presha na kisukari zilikosekana.