Baada ya tonado ya Barrie: nani alipie paa lising'oke?

Mchana wa Alhamisi, tarehe 15 Julai 2021, tonado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka mawinguni hadi ardhini, ilipita katika mitaa ya nyumba mpya kusini mwa Barrie, mji wa watu karibu 150,000 ulioko kaskazini mwa Toronto, Kanada. Ilikuwa ya daraja la EF2, katika kipimo cha nguvu za tonado kinachoanzia EF0 hadi EF5, na upepo wake ulikadiriwa kufika kilomita 210 kwa saa. Nyumba zaidi ya 100 ziliharibika. Nyingine ziliezuliwa kabisa, vyumba vya kulala vikabaki wazi chini ya mvua. Hasara iliyolipiwa bima ilizidi dola milioni 75 za Kanada. Watu walijeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa.

Vifusi vilipozolewa, likabaki swali moja linalogawa watu hadi leo: je, kila nyumba mpya ilazimishwe kufungwa vishikizo vya chuma kati ya paa na ukuta, kwa ajili ya tukio ambalo wakazi wengi hawataliona maishani? Baraza la mji lilitaka serikali ya jimbo la Ontario ilitazame jambo hilo katika kanuni za ujenzi. Wajenzi, kwa upande wao, hawapendi kuongezewa sharti jingine.

Tuanzie pale paa linapokutana na ukuta. Kenchi hulala juu ya mbao ya mwisho ya ukuta, na kanuni ya kawaida ya Kanada inadai misumari mitatu ya milimita 82 kila zinapokutana, ikipigwa kwa mshazari. Mwaka mzima misumari hiyo haina kazi kubwa, kwa kuwa uzito wa paa na wa theluji unasukuma kwenda chini. Upepo mkali hugeuza mambo. Hewa inayokimbia juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mlango wa gereji ukibomoka, upepo huingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Hapo misumari inavutwa kurudi kule ilikoingilia, nayo huchomoka. Paa likishaondoka, kuta za ghorofa ya juu hazina tena kinachozishika vichwani, na mara nyingi nazo huanguka.

Kishikizo ni kipande kidogo cha chuma chenye matundu, kinachokumbatia kenchi na kupigiliwa ukutani. Misumari yake huingia kwa ubavu, hivyo paa likivutwa juu haiwezi kuchomoka kirahisi. Kukifunga nyumba inapojengwa hugharimu dola mia chache tu kwa nyumba nzima.

Wanaopinga hawana hoja nyepesi. Kanada huthibitisha tonado mia moja hivi kwa mwaka katika nchi kubwa mno, na njia ya tonado moja mara nyingi haizidi mita mia chache kwa upana. Uwezekano wa nyumba fulani kupigwa ni mdogo sana. Nyumba Ontario tayari ni ghali kupita uwezo wa vijana wengi, na bei hiyo ilipanda kwa masharti madogo madogo, kila moja likitetewa kwamba ni dola chache tu. Tena vishikizo havizuii kila kitu. Tarehe 31 Mei 1985 tonado ya daraja la F4 (F ni kipimo kilichotangulia EF) iliua watu 8 katika mji huohuo wa Barrie, na kwa upepo wa namna ile vipande vya chuma visingetosha. Pesa hizo, wanasema, zingefaa zaidi kwenye tahadhari za mapema.

Hoja ya uwezekano mdogo ninaiheshimu, ila inamtazama mwenye nyumba mmoja mmoja. Katika mitaa ile nyumba zimejengwa karibu karibu, na paa linaloruka halipotelei hewani. Linatua kwa jirani, na mbao zake zinatoboa madirisha na mapaa mengine. Anayeamua kuokoa dola mia chache anamwekea hatari mtu ambaye hakuulizwa. Kuhusu F4, ni kweli, lakini tonado nyingi za Kanada ni za EF2 kushuka chini, na huko ndiko kishikizo kinakoleta tofauti. Tahadhari nazo huokoa watu kwa kuwapeleka vyumba vya chini ya ardhi. Haziokoi nyumba watakayoirudia.

Kuna jambo jingine linalonisukuma zaidi upande wa vishikizo. Tarehe 17 Juni 2014 tonado nyingine ya EF2 ilipiga Angus, mwendo mfupi magharibi mwa Barrie, ikaezua nyumba mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western walipokagua waligundua sehemu ambazo misumari iliyotakiwa na kanuni ilikuwa pungufu. Msumari wa mshazari ukikosekana ni vigumu kuujua, kwa sababu fundi yuko juu ya ngazi na mkaguzi ana nyumba nyingi za kupitia. Kishikizo kikikosekana, mkaguzi akisimama sakafuni na kuinua macho anaona pengo.

Wajenzi wanaohofia soko hutajiwa mji wa Moore, katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Baada ya tonado ya EF5 iliyoua watu 24 tarehe 20 Mei 2013, mji huo ulipitisha mwaka 2014 kanuni za nyumba zinazohimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, na utafiti wa baadaye haukuona mauzo ya nyumba yakidorora. Mfano huu nauchukua kwa tahadhari. Moore ilishapigwa vibaya mwaka 1999 pia, na mnunuzi wa kule anajua analipia nini. Wa Barrie hajui.

Ninachowapa wapinzani bila kubisha ni kwamba sharti hili haligusi maelfu ya nyumba zilizokwisha kujengwa. Kubomoa dari ili kufunga chuma ni gharama ya aina nyingine kabisa. Lakini mapaa hayo huvuliwa vifuniko vyake kila baada ya miaka kadhaa, na milango ya gereji hubadilishwa. Siku fundi anapokuwa juu, kingo za paa zikiwa wazi, anaweza kufikia kenchi kutoka nje, na kazi inaweza kufanyika hapohapo, nyumba moja baada ya nyingine.