Hoteli Isiyo na Ukuta

Bosi alikuwa na picha kwenye simu: vibanda vya mianzi huko Bali, katikati ya msitu wa mvua. "Mchora ramani, nataka hivi kisiwani kwangu. Asili tupu. Na upande wa ziwani usiweke ukuta, mgeni aamke anaona maji!"

Mimi mtoto wa Mwanza, msingi nikauweka wa mawe. Kuta tatu za matete na udongo, paa la nyasi lenye mwinamo mkali ili mvua iteremke. Ubishi ulikuja kwenye nguzo. Bosi hakutaka kusubiri miti mikavu ipakiwe Mwaloni Kirumba, akaamuru mikuyu ikatwe hapo hapo, mibichi. Fundi wetu, mzee wa Kisukuma, akaguna. "Mkuyu mbichi ukiufukia, mjukuu wangu, wewe unasema umesimika nguzo, wenyewe unajua umepandwa."

Masika hayajaisha, nguzo zikachipua. Ya kitandani ikatoa majani juu ya mto. Bosi akafurahi, akaongeza ukoka kutoka ufukweni mpaka miguuni pa kitanda.

Wageni wa kwanza walikuwa maharusi kutoka Dar es Salaam, fungate. Giza lilipoingia tukawasha taa zote. Sasa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, hutoka kwa wingi siku za mwezi mwandamo, na taa wanaipenda kufa. Hawaumi, ila penye uwazi wanaingia, na sisi uwazi tulikuwa nao chumba kizima.

"Kaka, supu hii ya nini?" bibi harusi akauliza.

"Ya sangara, dada. Hao wengine wamejialika."

Tukazima taa. Nikaenda kulala kwenye kibanda cha mafundi. Usiku wa manane nikasikia sauti ya bwana harusi, nyembamba kuliko ya mchana: "Mke wangu, ni wewe unayetafuna?"

Alikuwa kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kula majani mafupi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na huyu hakuna aliyemwambia kuwa ukoka ule ni wa hoteli. Aliufuata taratibu mpaka miguuni pa kitanda.

Sikwenda kumfukuza, na usiniangalie hivyo. Mzee mwenyewe alinishika shati: "Tulia. Akishiba ataondoka."

Kulipokucha bosi akashuka kwenye boti, chupa ya chai mkononi. Ukoka umenyolewa, kitanda kitupu, maharusi wamekaa juu kwenye boriti wamekumbatia nguzo yenye majani.

"Mmeionaje asili?"

"Ameondoka?" bibi harusi akauliza.

"Nani?"

Kwenye matete, hatua chache nyuma yake, kitu kikakoroma. Sikujua mtu mwenye kitambi kile anaweza kupanda nguzo. Boriti ile nilikuwa nimeipigia hesabu ya nyasi tu, kumbe inabeba na watu watatu.