Waheshimiwa Wamegundua Kwamba Tunapiga Muziki

Leo asubuhi sijaosha hata uso simu inalia, namba siijui, nikapokea haraka nikidhani ni mtu wa harusi, kumbe ni ejenti wa mgombea ukansala (udiwani). "Muzee wa besi, habari ya asubuhi, mheshimiwa anawapenda sana wasanii." Nikasema asante, na sisi tunampenda (simjui). "Basi Jumamosi mnaalikwa, mje na vyombo, na spika, na jenereta kama mnayo." Nikauliza malipo. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima aliyeulizwa swali na mtoto, akasema, "Muzee, hii ni sapoti. Mheshimiwa anawasapoti."

Sasa mtu anieleweshe. Spika nabeba mimi, petroli naweka mimi, kupiga kuanzia saa nane mpaka giza napiga mimi, halafu anayesapoti ni yeye? Kama hiyo ndiyo sapoti basi mimi nimesapotiwa na kila baa ya Kabalagala, hapa Kampala, tangu ujana wangu.

Na nyinyi mnajua ilivyo. Miaka minne yote sisi ni kelele. Askari wakija ni kelele, jirani akiamka ni kelele, chairman wa LC (serikali ya mtaa) anakuja na kofia yake anasema wananchi wamelalamika kelele halafu anaomba ya chai ili kelele ipungue. Mwaka wa tano ukifika tunageuka vijana wabunifu. Mimi na mvi zangu, kijana mbunifu. Juzi mmoja alisema redioni kwamba sisi ni sekta, nikamwita mama watoto nikamwambia njoo usikie, mumeo yuko kwenye sekta, akasema waambie hiyo sekta inunue makaa.

Kuna mmoja kule Nsambya aliahidi studio ndani ya kontena, na kontena lilifika kweli, sasa hivi linauza chipsi. Mwingine alileta maikrofoni zisizo na waya, na si zile ambazo hazihitaji waya, ni zile ambazo waya umepotea. Mwingine alichora sura yake kwenye dramu kubwa ya wenzetu wa Katwe, kila wakipiga wanampiga mdomoni, na huyo peke yake ndiye ninayeweza kusema amechangia kitu kwenye muziki.

Lakini yule wa hapa Makindye. Ngoja niwaambie yule wa Makindye.

Tuliitwa kwenye ukumbi wa shule, mkutano wa mgombea na wanamuziki wa diviseni, yaani sehemu yetu ya jiji. Sisi bendi yetu ni mchanganyiko, mimi wa gitaa la besi natoka Arua, wa gitaa la solo ni wa Bunia kule Kongo, dramu ni kijana wa Busia, mwimbaji ni Mnubi wa Bombo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinatuweka pamoja, Luganda kila mtu ana yake ndogo ya kununulia nyanya. Mimi nikasema safari hii hatuendi kama wapiga ngoma, tunaenda kama raia. Nikavaa suruali ya harusi. Nikaandika waraka, karatasi mbili, kwa mkono, herufi kubwa, nikapiga mstari chini ya neno "Mheshimiwa". Solo akausoma akanirudishia, akasema, "Kaka mkubwa, hii watafungia chapati." Sikumjibu. Mtu mwenye waraka hajibizani.

Na ulikuwa waraka wa maana. Niliandika habari ya vibali. Niliandika habari ya ukumbi, kwamba hili jiji lote likitaka ukumbi wa sanaa wa umma bado linanyoosha kidole National Theatre, ambayo ilifunguliwa 1959, yaani kabla hata ya uhuru, waliotujengea wamefunga mizigo wameondoka na sisi bado tunapanga foleni mlangoni pao. Niliandika habari ya hakimiliki, kwamba chama cha kukusanya haki za wanamuziki kipo tangu 1985, sheria ipo tangu 2006, na bado wimbo unapigwa saluni, unapigwa hotelini, unapigwa kwenye teksi, na mwenye wimbo amekaa kiti cha nyuma cha teksi hiyohiyo analipa nauli ili ausikie.

Tuliambiwa saa nane. Mheshimiwa akaingia saa kumi na mbili. Ving'ora, vumbi, vijana juu ya pikapu, fulana za rangi (rangi sitaji, nina watoto). Akapanda jukwaani, akashika maikrofoni yetu, spika yetu, jenereta haipo tumetumia umeme wa shule, akasema maneno ambayo mimi nikiyasikia kutoka kwa mwanasiasa tumbo linakata: "Hata mimi ni msanii."

Ooh. Sasa hapa tuelewane. Wanamuziki kwenda siasa tumeshawaona. Ragga Dee aligombea Ulodi Meya, yaani umeya wa Kampala, 2016, Erias Lukwago aliyekuwa anakitetea kiti akampiga kwa kura. Chameleone akajaribu 2021, Lukwago akampiga na yeye. Bobi Wine alishinda ubunge wa Kyadondo East 2017, na yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Hao walitoka muziki wakaenda siasa, sawa, angalau tuning walikuwa wanaijua. Huyu wetu alikuwa anatoka siasa anakuja muziki, na alikuwa anakuja mbio.

Alikuwa na wimbo wake. Ameutunga mwenyewe, usiku wa kuamkia siku hiyo. Akanigeukia, "Besi, unaujua?" Nitaujulia wapi, mheshimiwa, nilikuwa nimelala. Solo akauliza kwa adabu, "Ufunguo gani?" Mheshimiwa akamwangalia ejenti. Ejenti akapapasa mifuko yote, akatoa funguo za gari.

Akaanza. Alianza kwenye F, tukamfuata F. Kufika mstari wa pili alikuwa ameshahama, yuko katikati ya F na kitu ambacho hakijapewa jina mpaka leo. Nikahamia F shapu, akarudi. Nikarudi, akapanda G. Mimi ni mtu wa besi, kazi yangu miaka yote ni kufuata watu gizani, nimefuata walevi, nimefuata bwana harusi anayelia, nimefuata mchungaji aliyesahau wimbo wake mwenyewe, lakini huyu alikuwa hafuatiki, ukimkaribia anasikia nyayo anakimbia. Kijana wa Busia akaacha dramu zote akabaki na hai-hati (vile visahani viwili) peke yake, tena anaishika na mkono isilie sana asije akaonekana anahusika.

Na beti zilikuwa nyingi! Beti ya kwanza historia yake. Ya pili mama yake. Ya tatu mitaro ya maji machafu, zoni kwa zoni, kwa majina. Kibwagizo anapiga kelele "Barabara!", sisi tuitikie "Tunataka!", "Maji!", "Tunataka!", "Wasanii!", na hapo mwimbaji wetu, Mnubi mstaarabu ambaye sijawahi kumsikia akimkosea mtu heshima, akaitikia "Tumechoka!" kwa sauti nzuri kabisa, ya pili, na ikaingia kwenye mapigo vizuri kuliko kitu chochote jioni ile.

Solo akaona hapa bila sebene, ile sehemu ya gitaa la kasi ya kuchezesha watu, tutakufa wote. Akafungua. Jamani, yule mtu wa Bunia akifungua sebene hata wadai wako wanacheza. Ukumbi ukainuka. Kina mama wa soko wakaingia katikati, walimu wakaingia, polisi wawili mlangoni viuno vikaanza kukiuka amri. Na mheshimiwa, maskini, akadhani ni yeye. Akapanda juu ya spika yetu, ile tuliyoifunga kwa mpira wa tairi, akanyoosha mikono, "Ongezeni! Ongezeni!" Sikutazama watu tena, nilikuwa natazama ile spika na viatu vyake.

Halafu yaka ya shule, umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Giza. Gitaa kimya, spika kimya, na katikati ya giza lile sauti ya mheshimiwa inaendelea peke yake, iko beti ya mitaro, haina habari kama kuna kitu kimetokea. Ndiyo siku pekee nimesikia umeme unakatika Kampala na watu wanapiga makofi.

Basi maswali yakaulizwa kwa tochi za simu. Nikasimama na waraka wangu. Nikasoma. Vibali? "Hilo tutalishughulikia." Ukumbi? "Nitajenga theatre kila diviseni." Diviseni ni tano, yeye anagombea ukansala wa moja, na hili jiji tangu 2011 liko chini ya serikali kuu, Lukwago mwenyewe akiwa Lodi Meya alitumia miaka mingapi akigombana na mlango wa ofisi yake, kansala atajenga theatre na nini, na posho ya kikao? Hakimiliki? "Hilo nalo ni zuri sana." Zuri! Waraka akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, tukapigwa picha, akampa ejenti, ejenti akaanza kujipepea maana joto lilikuwa kali.

Malipo yetu yalikuwa soda na fulana. Fulana yangu inaingia watu wawili. Bahasha ilikuwepo, niliiona kwa macho, ila alipewa mwenyekiti wa wanamuziki wa eneo letu, bwana mmoja mwenye miwani ya jua usiku ule, ambaye katika sisi wote hakuna aliyewahi kumwona na chombo mkononi. Huko juu tangu 2023 kuna shirikisho la kitaifa la wanamuziki, la kina Eddy Kenzo, na 2024 Kenzo mwenyewe akateuliwa kuwa mshauri wa rais wa mambo ya wasanii, sawa, sina neno, mtu amefika mbali. Huku chini kwetu tuna miwani.

Na mimi si mtu wa hasira, mtu yeyote wa hapa stegi atawaambia. Lakini kuna kitu kinanikaba. Machi 2020 walifunga baa na matamasha, mkasema korona, tukasema sawa. Soko likafunguliwa. Bodaboda wakarudi. Makanisa yakarudi. Shule, ambazo watoto walikaa nyumbani mpaka wakaota ndevu, zilifunguliwa Januari 2022 na bado zilitutangulia wiki mbili, sisi ndio tulikuwa wa mwisho nchi nzima. Niliuza ampu yangu kwa bei ya sufuria. Na humo katikati, Januari 2021, kura zilipigwa, na nyimbo za wagombea zilikuwa redioni kutwa kucha, kwenye magari, kwenye vizindaalo (vipaza sauti), kila mahali. Yaani wimbo wa kumsifu mgombea hauambukizi, wangu wa mapenzi ndio wenye korona? Nani katika hawa alinipigia simu wakati ule kuniambia ananipenda? Ejenti alikuwa wapi? Namba ni ileile, sijabadilisha.

Halafu eti kuna mtu alirekodi ile jioni kwa simu. Sasa pikapu ya mheshimiwa inapita na ule wimbo kila siku, mara mbili mbili, na besi inasikika kabisa, ni mimi, niko F shapu peke yangu kama mtu aliyeachwa na basi. Vijana wa boda wananiita "Muzee Tunataka". Nikamwuliza ejenti habari ya kulipwa kwa kurekodiwa, akasema hiyo ni promosheni. Mama watoto akikoroga posho (ugali) anaimba beti ya mitaro, na anaiimba kwenye ufunguo wake, ndicho kinachouma.

Na waya wa besi, ule mnene, umekatika tangu usiku ule. Mmoja haununuliki, wanauza seti, na seti inapatikana mjini, na kwenda mjini ni hizi teksi zetu za watu 14 ambazo konda anaita "wawili tu, wawili tu" na ndani watu wameshakaliana magoti. Juzi nimeingia na gitaa langu nimelipakata vizuri kifuani, konda ananiambia nililipie kiti. Nikamwambia kijana, gitaa lina makalio? Akaliangalia kwanza, pole pole, juu mpaka chini, akasema, "Muzee, kiuno linacho." Teksi nzima ikacheka, na mama mmoja mwenye kuku akaniambia baba lipa tu twende, hata huyu wangu nimemlipia.