Ramani za rangi mwishoni mwa Biblia zinatupotosha

Zile ramani za makabila ya Israeli, Yuda kijani, Efraimu njano, zimetuzoesha kusoma kitabu cha Yoshua vibaya. Ukizitazama utadhani kila kabila lilipewa kipande chake, likaweka mpaka, yakaisha.

Sura zenyewe, kuanzia ya 13, zina vurugu zaidi. Simeoni alimegewa ndani ya Yuda, kwa kuwa fungu la Yuda lilizidi mahitaji yake. Dani alipewa upande wa Yafa, ukamshinda, akahamia Laishi, kaskazini kabisa. Walawi waliambulia miji 48 iliyotawanyika kwa ndugu zao. Na Yerusalemu je? Mpaka wa Yuda unapita En-rogeli na kulikwea bonde la mwana wa Hinomu, kando tu ya mji; mji unahesabiwa kwa Benyamini; waliomo ni Wayebusi, wenyeji wa hapo, nao Waisraeli wanashindwa kuwatoa. Mwandishi angeweza kuificha aibu hiyo. Hakuificha, na hapo ndipo ninapomwamini.

Mpaka unaolindwa kwa ukali hasa, nionavyo mimi, ni ule mdogo wa shamba la mtu. Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake, na papo hapo inamlaani anayempoteza kipofu njia. Mwizi wa ardhi anayetajwa hapo hatoki ng'ambo, yupo jirani. Nabothi wa Yezreeli aliporwa shamba lake la mizabibu na mfalme wake mwenyewe. Mfalme huyo, Ahabu, aliahidi fedha, akaahidi hata shamba bora zaidi, naye Nabothi akakataa kuuachia urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Mipaka ya kabila ingemfaa nini?

Mabinti watano wa Selofehadi nao walidai fungu la baba yao asiyeacha mtoto wa kiume, wakapewa. Kisha wazee wa ukoo wakalalamika kwamba wakiolewa nje ardhi itahama, basi wakaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Sitalipamba hilo: kabila lilipata lake, na uhuru wao ukapunguzwa.

Lakini anayeyatumia maandiko haya kumwambia mtu "rudi kwenu" aendelee mpaka Ezekieli 47. Nchi inapogawanywa upya, mgeni aliyezaa watoto kati ya Waisraeli anahesabiwa kama mzaliwa, na fungu lake linatoka katika kabila lile lile anamokaa.